Uzi: Mume aliyejua kila kitu akanyamaza. Tuijadili Dial M for Murder

Mtoa mada

Wakuu, amani kwenu. Uzi huu ni mrefu na nitasimulia kisa chote hadi kinapoishia. Ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa utamu, aitafute kwanza kisha arudi.

Nataka tuizungumze filamu ya mwaka 1954 ya Alfred Hitchcock, Dial M for Murder. Mzizi wake ni tamthilia ya Frederick Knott, ambayo BBC waliionyesha kwenye televisheni mwaka 1952, na mwaka huohuo ikapanda jukwaani London na New York. Wengi huisifia kwa fumbo la ufunguo, na kweli fumbo lile limesukwa. Mimi linalonishika ni jingine. Sijaona kisa kinachoonyesha wazi kiasi hiki jinsi mume anavyoweza kumuua mkewe kwa kutumia ndoa yenyewe. Silaha zote anazotumia zimo ndani ya nyumba: ufunguo, simu, barua, mkoba wa mke, na mazoea ya mwanamke kumsikiliza mumewe.

Tony Wendice, anayeigizwa na Ray Milland, alikuwa mcheza tenisi wa jina. Sasa mchezo ameuacha. Pesa zinazoendesha nyumba yao ya Maida Vale, London, ni za mkewe, Margot, anayeigizwa na Grace Kelly. Tony alipokuwa kiguu na njia kwenye mashindano, Margot akampenda mwanamume mwingine: Mark Halliday, Mmarekani anayeandika hadithi za upelelezi.

Tony aligundua mapema. Siku moja alimfuata mkewe hadi mtaa wa Chelsea, akasimama nje, akawaona dirishani. Hakukuta fumanizi la kitandani. Aliwakuta wawili wanapika tambi, kimya kimya, kama watu waliozoeana miaka. Hapo ndipo alipojua kwamba mke ameshaondoka moyoni. Hakugonga mlango, wala hakurudi nyumbani kugomba. Akaanza kufikiria, na alichofikiria ni hiki: Margot akiondoka, pesa nazo zinaondoka.

Kuanzia hapo akawa mume mwema. Akaacha tenisi, akatafuta kazi, akawa mpole, akaanza kushinda na mkewe. Filamu inapoanza, Mark amerudi London, na Margot anamweleza kwa uchungu kwamba mambo yamebadilika: Tony si yule tena, amekuwa mtu wa kupendeza, na yeye hawezi kumwacha. Sikilizeni maneno yale vizuri mkiitazama. Mwanamke ameamua kubaki kwenye ndoa yake kwa sababu ya wema ambao ulikuwa sehemu ya mpango wa kumuua. Sijui kama kuna ukatili unaozidi huo kwenye filamu nzima, na pale hata damu haijamwagika bado.

Mtoa mada (inaendelea)

Margot alichoma barua zote za Mark isipokuwa moja, aliyokuwa akitembea nayo mkobani. Mkoba ukaibwa kwenye stesheni ya Victoria. Kisha zikaja karatasi za kumtishia: toa pauni 50 au mumeo aoneshwe barua. Akazituma, hakuna aliyekwenda kuzichukua, na barua haikurudi. Mwizi alikuwa Tony, na aliyeandika vitisho ni Tony huyohuyo. Alitaka kujua kama mkewe atakuja kumwambia ukweli. Hakuja.

Halafu akamtafuta muuaji. Alimkumbuka Swann, mtu aliyesoma naye Cambridge, ambaye hata chuoni alikuwa na mkono mrefu. Sasa anaishi kwa majina ya bandia, akiwatapeli wanawake. Tony alimfuatilia kwa muda, akakusanya maovu yake yote, kisha akampigia simu akijifanya anataka kununua gari lake. Swann akaingia sebuleni akidhani anakuja kufanya biashara ya gari.

Mazungumzo yale ni marefu sana kwa filamu ya kusisimua. Wanaume wawili wameketi na vinywaji, hakuna anayepaza sauti. Tony anaidondosha ile barua ya mapenzi, Swann kwa adabu anaiokota, na tayari alama za vidole vyake zimeshaingia kwenye ushahidi. Kisha analetewa machaguo mawili: pauni 1,000, au polisi waambiwe kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimtishia Margot. Wakati Swann bado anatafakari, Tony anapita na kitambaa akifuta kila alipogusa. Muuaji anapokubali, sisi watazamaji tunajua kwamba alikwisha kunaswa tangu aliposhika karatasi ile.

Mpango wenyewe: Jumamosi usiku Tony atatoka na Mark (ndiyo, na hawara wa mkewe) kwenda kwenye karamu ya wanaume, ili Mark awe shahidi kwamba alikuwa mbali. Ufunguo wa Margot utafichwa chini ya zulia la ngazi, nje ya mlango. Swann ataingia na kujificha nyuma ya pazia karibu na simu. Saa tano usiku Tony atapiga. Margot atatoka kitandani kuja kupokea, na akipokea atanyongwa huku mumewe anasikiliza upande wa pili.

Mdau, Tanga

Mkuu umeisimulia vizuri, ila tusifiche kitu. Huyu mama alitoka nje ya ndoa. Mume alijeruhiwa. Simtetei muuaji, lakini chanzo kinajulikana.

Mtoa mada

Mkuu wa Tanga, nashukuru kwa kuliweka wazi. Nitarudi kwako, maana hoja yako hiyohiyo ndiyo karibu imuue Margot mara ya pili. Nimalizie kwanza usiku wenyewe.

Margot hakutaka kubaki nyumbani, alitaka kwenda sinema. Tony akamlegeza kwa maneno ya mume aliyeumia kidogo: si aliahidi atakata vipande vya magazeti vyenye habari za tenisi yake avibandike kwenye daftari? Mke akaona vibaya, akabaki, akatoa mkasi na magazeti.

Saa ya Tony ikasimama mkononi bila yeye kujua. Aliposhtuka muda umepita, akakimbilia simu, akakuta mtu mwingine ameishika. Kule nyumbani Swann amechoka kungoja, anaelekea mlangoni kuondoka. Simu ikalia. Angalieni Hitchcock anachotufanyia hapo: tunajikuta tunataka simu ipigwe! Tumeingizwa kwenye mpango wa Tony, mioyo inaenda mbio kwa ajili ya mtu mbaya.

Margot anapokea, anaita, hajibiwi. Skafu inamzunguka shingoni. Anapigana, anaangukia mezani, mkono unapapasa, unakutana na mkasi, anaukita mgongoni mwa Swann. Mkasi uleule uliotolewa kwa sababu Tony alimshurutisha abaki abandike sifa zake.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi huiona ya kutisha kuliko kunyongwa. Margot, anahema, ananyakua simu kuomba msaada, na anayemjibu ni mumewe. Analia kwa nafuu. Tony anamwambia: usiguse kitu, usiongee na mtu yeyote mpaka nifike. Naye anatii. Angewapigia polisi dakika ile, kisa kingeisha pale. Utii wake ukampa mume muda wa kufika kwanza, kumpeleka kitandani kwa upole, kisha kubaki peke yake na maiti.

Akaiweka ile barua kwenye mfuko wa marehemu. Akaichoma skafu, badala yake akaweka soksi ndefu za mkewe. Akachukua ufunguo kwenye mfuko wa Swann, akaurudisha kwenye mkoba wa Margot. Kwa dakika chache, mwanamke aliyejitetea dhidi ya muuaji akageuzwa kuwa mwanamke aliyemfungulia mlango mtu aliyekuwa akimtishia, akamuua ili asifichuliwe.

Mdau, Mombasa

Ndugu, mimi nauliza swali la kisheria, maana hapa ndipo huwa naona watu hawapaangalii. Kwa nini hakumpa talaka tu?

Uingereza ya wakati ule ilifuata misingi ya talaka ya sheria ya ndoa ya mwaka 1937. Ili talaka itolewe, kwa kawaida ilibidi uthibitishe kosa la mwenzako, na uzinzi ulikuwa miongoni mwa makosa hayo. Tony alikuwa na barua mkononi! Kisheria hiyo ni dhahabu. Angekwenda nayo mahakamani angetoka mtu huru.

Mtoa mada

Kaka yangu wa Mombasa, umegusa penyewe. Karatasi ambayo ingemtoa kwenye ndoa, yeye aliitumia kwa kifo. Kwa sababu talaka ingemtoa bila kitu. Endelea tafadhali, kuhusu mali.

Mdau, Mombasa

Tangu sheria ya mwaka 1882 ya mali za wanawake walioolewa, mke wa Uingereza alikuwa na mali yake kwa jina lake. Kabla ya hapo mali ya mwanamke akiolewa kwa sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa mume. Kwa hiyo Tony akiwa hai na mkewe akiwa hai, pesa za Margot ni za Margot. Mlango pekee ni urithi, na Margot alikuwa ameandika wosia unaomrithisha mumewe.

Na la pili, ambalo ni zito zaidi. Margot akinyongwa na serikali kwa kosa la kuua, je mali inapotea? Zamani ilikuwa hivyo, mali ya mhalifu wa kosa kubwa ilichukuliwa na taji, yaani ufalme. Lakini desturi hiyo iliondolewa mwaka 1870. Kwa hiyo mpango wa pili wa Tony, ule alioutunga pale juu ya maiti, unamlipa sawasawa na ule wa kwanza. Kamba ya Swann au kamba ya serikali, yeye anarithi vilevile. Na hii ya serikali haimgharimu hata ile pauni 1,000.

Mtoa mada

Wakuu, someni tena hapo juu.

Sasa ndugu wa Tanga, narudi kwako kwa heshima. Unasema chanzo kinajulikana. Hivyo ndivyo walivyofikiri polisi na jopo lililomtia Margot hatiani kwa kumuua Swann, akahukumiwa kunyongwa. Inspekta Mkuu Hubbard, anayeipeleleza kesi, ana hoja zake: viatu vya marehemu havina tope la bustani, kwa hiyo aliingia kwa mlango wa mbele, kwa hiyo kuna aliyemfungulia. Lakini kinachozibeba hoja hizo zote ni barua ya mapenzi. Mke aliyemdanganya mumewe anaweza kudanganya lolote. Aliyeficha hawara anaweza kuficha maiti. Akishawekwa kwenye fungu hilo, kila anachosema kinageuka ushahidi dhidi yake, na mume aliyesimama kando akihuzunika anaonekana malaika. Tony aliijua tabia hiyo ya watu. Hakuhitaji kusema uongo mwingi, alihitaji tu kuwaacha watu waone aibu ya mkewe.

Tena hili halikutoka hewani. London ilikwisha kulishuhudia kwa watu wa kweli. Oktoba 1922, huko Ilford, Percy Thompson alichomwa kisu akitembea usiku na mkewe, Edith. Aliyemchoma ni Frederick Bywaters, kijana mfanyakazi wa meli aliyekuwa na uhusiano na Edith. Bywaters alishikilia mpaka mwisho kwamba Edith hakujua lolote. Lakini zilikuwepo barua. Edith alikuwa amemwandikia barua nyingi, na ndani yake aliandika habari za kumpa mumewe sumu na vioo vilivyosagwa. Mwili wa mume ulipochunguzwa hakikupatikana cha namna hiyo. Hata hivyo barua zilisomwa mahakamani, na mbele ya umma alionekana mwanamke mchafu. Wote wawili walinyongwa asubuhi ya tarehe 9 Januari 1923, katika magereza mawili tofauti. Wengi waliosoma kesi ile baadaye wanaona Edith alinyongewa uzinzi wake.

Sisemi Knott aliandika akiwa na kesi ile mezani. Ninachosema ni kwamba mtazamaji wa London mwaka 1952 hakuhitaji kuelezwa barua inaweza kumfanya nini mwanamke kizimbani. Na adhabu ilikuwa hai: mwaka mmoja tu baada ya filamu, Julai 1955, Ruth Ellis alinyongwa, akawa mwanamke wa mwisho kunyongwa Uingereza. Adhabu hiyo kwa kosa la kuua ilisimamishwa mwaka 1965.

Mdau, Tanga

Nimekuelewa mkuu. Kosa la ndoa ni jambo lake na jinai ni jambo lake. Lakini bado naona angemwambia mumewe mapema, yale ya vitisho vya pauni 50 yasingemkuta.

Mtoa mada

Hapo nakubaliana nawe kabisa. Siri yake ndiyo iliyompa Tony mpini. Wote wawili walikuwa na siri, tofauti ni nani aliyekuwa anaijua ya mwenzake.

Mdau, Unguja

Assalaam alaykum jamani. Mimi nawakumbusha kuwa waliokulia kwenye sinema za Kihindi kisa hiki mnakijua hata kama jina hili geni. Aitbaar ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Mukul Anand: Dimple Kapadia ndiye mke, Raj Babbar ndiye mume, Suresh Oberoi ndiye mpenzi, na huku amefanywa mwimbaji. Danny Denzongpa ndiye inspekta. Ni kisa hikihiki.

Kuna na ya Marekani ya mwaka 1998, A Perfect Murder, Michael Douglas na Gwyneth Paltrow. Kule wamegeuza: mume anamwajiri hawara mwenyewe amuue mke. Naona waliipunguzia nguvu. Hawara akishakuwa tapeli, mke hana tena mtu wa kumpenda, na mtazamaji hana wa kumwonea imani.

Mtoa mada

Waalaykum salaam. Umesema kweli kuhusu ile ya 1998. Uzuri wa Mark wa mwaka 1954 ni kwamba anampenda Margot kwa dhati na bado hana msaada. Yeye ni mwandishi wa hadithi za mauaji, na kuna tukio mapema ambapo anaulizwa mbele ya Tony kama anaamini mauaji kamili yasiyogundulika yanawezekana. Mark anajibu kwamba kwenye karatasi ndiyo, kwa sababu kwenye hadithi mambo hutokea kama mwandishi anavyotaka, na maishani hayatokei hivyo.

Siku moja kabla ya Margot kunyongwa, Mark anakuja kwa Tony na ombi la ajabu. Anamwomba adanganye: awaambie polisi kwamba yeye Tony ndiye aliyemwajiri Swann, akaiba barua, akaficha ufunguo. Ametunga hadithi nzima ili kumwokoa Margot, na hajui kwamba kila neno ni kweli. Tony anamsikiliza, kisha anamjibu kwamba hakuna atakayeiamini. Nikiiangalia sehemu ile huwa nashindwa kukaa. Ukweli wote umewekwa mezani mbele ya mwenye hatia, umevikwa vazi la uongo, naye anaukataa kwa utulivu.

Mdau, Arusha

Dada mtoa mada, nisaidie kwenye ufunguo. Nimeitazama na bado pale mwisho pananichanganya.

Mtoa mada

Twende taratibu, mdogo wangu.

Tony alimwagiza Swann: ukimaliza, ukitoka, rudisha ufunguo chini ya zulia. Swann yeye alifungua mlango, kisha palepale akaurudisha chini ya zulia kabla ya kuingia. Kwa hiyo alipokufa, ufunguo uliokuwa mfukoni mwake ulikuwa wa nyumbani kwake mwenyewe. Tony akauchukua akidhani ni wa Margot, akautia kwenye mkoba wa mkewe. Ufunguo wa kweli ukabaki kwenye ngazi wakati wote wa kesi na hukumu.

Hubbard alishtuka kwa vitu viwili: maiti haikuwa na ufunguo wowote, jambo la ajabu kwa mtu aliyetoka kwake; na Tony alikuwa anatumia pesa taslimu nyingi mno. Baadaye anaujaribu ufunguo wa mkobani kwenye mlango wa Margot, haufungui. Anaupeleka kwa Swann, unafungua. Sasa swali: nani anajua ulipo ule mwingine?

Anamleta Margot kwanza, akiwa na mkoba wake. Ufunguo unakataa, Margot anaduwaa, hajui la kufanya. Hapo ameokoka. Kisha Hubbard, aliyekwisha kubadilishana koti la mvua na Tony kwa ujanja, anamfanya Tony afike mlangoni bila ufunguo wake. Tony anakwenda kituoni kuchukua mkoba wa mkewe, anarudi, anaujaribu ufunguo, haufungui. Anaanza kuondoka. Anasimama. Anafikiri. Sisi tuko ndani gizani na Margot, Mark na Hubbard, tunasikiliza hatua zake. Anarudi, anainua zulia, anachukua ufunguo, anafungua.

Ni mume mmoja tu duniani aliyeweza kuufungua mlango ule kwa ufunguo ule, na akaufungua kwa mkono wake.

Mdau, Arusha

Ahsante dada, sasa imeingia. Na nguo za Margot, nimeona mwanzoni amevaa nyekundu inayong'aa, mwishoni amefifia kabisa. Imekusudiwa?

Mtoa mada

Imekusudiwa. Hitchcock alizipunguza rangi za nguo zake kadiri mkasa unavyomfunga. Na kesi yenyewe hakuionyesha kwa mtindo wa mahakama: unamwona Margot peke yake, uso mbele ya rangi zinazobadilika, sauti ya hakimu inatoka mahali usipopaona. Filamu ilipigwa kwa teknolojia ya pande tatu (3D), iliyokuwa ikivuma wakati ule, ingawa watu wengi waliitazama kwa kawaida kwa sababu mtindo ulikuwa tayari unapoa. Ule mkono wa Margot unaonyooka nyuma kuelekea kwetu ukitafuta mkasi ulipangwa kwa ajili hiyo. Na John Williams, anayeigiza Hubbard, alikuwa ameshalicheza jukumu hilo jukwaani New York na kushinda Tuzo ya Tony (tuzo ya tamthilia za jukwaani Marekani, haihusiani na huyu mume) mwaka 1953, ndiyo maana anatembea sebuleni mle kama mwenye nyumba.

Mdau, Mombasa

Swali langu la mwisho. Tony anapokamatwa hapigani, hakimbii. Anajimiminia kinywaji, anawauliza wengine kama watakunywa. Unakionaje kitendo kile?

Mtoa mada

Wengi huona ni ustaarabu wa Kiingereza, mshindwa anayekubali kushindwa. Mimi namtazama Margot dakika ile. Anamtazama mumewe na Tony anaongea na kila mtu kwa adabu, ila kwake hana neno zaidi ya kumuuliza kama atakunywa. Hamwombi radhi wala hamlaumu. Hata hawara wa mkewe anakaribishwa kinywaji vilevile. Kwa mwaka mzima alimbusu akitoka na akirudi, na alipogundulika hakuwa na zaidi ya hilo la kumwambia.

Mdau wa Unguja, kama unayo kanda au faili la Aitbaar lenye tafsiri, weka hapa tuitazame wikiendi hii kisha tulinganishe tukio la simu. Nataka kuona Dimple Kapadia alivyoipokea.